Kila Nikianza Solo, Mtu Anataka Maiki

Wacha niseme hii kitu mapema ndio nisipasuke. Watu wa Kisumu wanapenda muziki, hiyo sikatai. Lakini kuna kitu moja wanapenda kushinda muziki, na hiyo kitu ni kujisikia wenyewe kwa spika.

Mimi napiga saksafoni. Bendi yetu inapiga kila Jumapili mchana kwa hoteli ya samaki kando ya ziwa, saa ile watu wametoka kanisa na bado wamevaa tai. Bosi wa bendi ndiye anaimba na kupiga gitaa, na amezeeka na hiyo gitaa mpaka wamefanana. Ngoma inapigwa na rafiki yangu, ambaye siku za wiki ni fundi wa kuchomelea vyuma kule mtaa wa Mamboleo. Kuna wengine wawili, lakini hao hawajanikosea, kwa hivyo tuwaache.

Sasa sikiza venye kazi inaenda. Wimbo unaanza, bosi anaimba, watu wanacheza na kiuno. Katikati mtu anainua mkono. Bosi anatupa jicho, tunashusha sauti mpaka inabaki gitaa inakwaruza chini chini na ngoma inabisha kama mgeni wa adabu. Yule mtu anaweka kitu kwa beseni ya pesa, anapewa maiki, anaanza kujisifu.

"Mimi ndiye mvua ya Maseno, nanyesha bila kuuliza mtu!"

"Eeeh!" watu wanajibu.

"Mimi ndiye nguzo ya stima, niguse uone giza!"

"Eeeh!"

Hiyo ndiyo pakruok. Ni desturi ya kwetu, ilikuwa hapa kabla nizaliwe, na kusema ukweli ndiyo inaweka mafuta kwa gari ya bendi. Sina shida nayo hata kidogo. Shida yangu ni saa.

Kwa nini hakuna mtu anainua mkono bosi akiimba? Jiulize. Bosi akifungua mdomo, watu wote wametulia na samaki yao. Gitaa ikichukua nafasi, wametulia. Halafu inafika zamu yangu, navuta pumzi, nafunga macho, natoa sauti ya kwanza, na mkono huo! Mpaka siku moja nikauliza mama mmoja mteja wetu kwa nini ananifanyia hivyo kila Jumapili. Akanijibu bila aibu, "Si hapo hakuna maneno? Mimi najua hapo wimbo imeenda choo."

Imeenda choo! Mimi nimesimama hapo mishipa imetoka shingo, na kwa akili yake wimbo imeenda choo na itarudi.

Nimekatwa na mtu alikuwa anasifu tairi mpya. Si gari, tairi. Nimekatwa na bwana arusi, hiyo nikasamehe, halafu nikakatwa na mtu alikuwa bwana arusi zamani na bibi alishamhama. Nimekatwa na jamaa alichukua maiki akasema, "Mimi ndiye ile kiatu moja, nyingine imebaki Nairobi," akarudisha maiki, akaenda kukaa. Hiyo tu. Solo yangu ilikufa kwa sababu ya kiatu moja.

Na hiyo saksafoni yenyewe sikupewa na baba. Niliipata soko ya Kibuye, kwa mzee anauza pasi mbovu, blenda bila jagi na vichwa vya cherehani. Ilikuwa imelala chini ya hizo vitu kama mlevi. Nikauliza, "Mzee, hii ni nini?"

Akaigeuza geuza. "Hii ni bomba ya sinki. Ya wazungu."

"Na hizi vifungo zote?"

"Wazungu maji yao inapita na kona nyingi."

Mimi nilikuwa nimeiona kwa simu, nilijua ni nini. Nikanyamaza kabisa. Nikamwachia baiskeli yangu pamoja na pampu, nikatembea mguu mpaka Mamboleo na bomba kwa bega. Pale stendi watu wakanicheka. "Fundi! Choo yetu imeziba, unakuja saa ngapi?" Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa kufungua mdomo.

Matundu ya saksafoni yanafunikwa na vifuniko, na chini ya kila kifuniko kuna ngozi. Ngozi yote ilikuwa imekuliwa na panya. Fundi viatu akanikatia vipande vipya kutoka kwa mkoba mzee wa mama wa kanisa. Ndio maana mpaka leo mvua ikikaribia, bomba yangu inanuka mkoba. Rafiki yangu fundi akachomelea mahali palivunjika. Halafu nikaanza kujifunza na simu, na nikafukuzwa kila mahali. Landlodi alisema ng'ombe yake imekataa kutoa maziwa. Nikamwambia hiyo ng'ombe imekonda hata kabla nihamie. Akaniambia nichague, nihame mimi ama ihame bomba.

Bomba ikahamia kwa karakana ya rafiki yangu. Hapo ndio tulikuwa tunajam, Jumamosi asubuhi kabla wateja waje. Yeye anapiga pipa, bati, na milango ya watu ambao wamelipa wakingoja. Mimi nalia. Hakuna mtu anakatiza. Akipenda kitu nimepiga anarusha nyundo juu anaidaka. Asipopenda anawasha mashine ya kukata chuma, hiyo inamaliza kila kitu. Nilimaliza darasa la nane tu, lakini nakuambia ile karakana ilinifunza kusikiza kuliko shule.

Hiyo solo nasema ilitoka Usenge, kwa nyanya yangu. Sisi tunamwita dani. Yeye ndiye alinilea, na maisha yake yote amekuwa akianika omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, pale ufuoni. Omena inamwagwa juu ya nyavu kuukuu, jua inapiga, na ndege wote wa Nyanza wanapata habari. Dani anakaa kwa kiti ya plastiki imekatika mguu moja, fimbo kwa mkono, na akiona ndege wameshuka hainuki. Anapaza sauti tu. Sauti inashuka mara tatu pole pole, halafu inaruka juu ghafla kama mtu amekanyaga makaa. Ndege wanaruka nayo.

Nimesikia hiyo sauti tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiria ni kitu. Lakini mwaka jana nilienda kumsalimia, nikalala hapo kwa kivuli ya mashua iliyopinduliwa, na masikio yangu ilikuwa imeshazoea saksafoni. Dani akafukuza ndege. Nikaamka nimeketi. Mwili wote ulikuwa na upele wa baridi kwa jua ya saa saba. Nikamwambia, "Dani, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya kufukuza ndege."

"Ndege wameenda. Nifukuze wewe?"

Niliirudisha Mamboleo kwa kichwa, nikiimba pumzi kwa pumzi nisiimwage njiani. Nikaipiga karakana. Inashuka mara tatu, inaruka. Halafu nikaiongezea, nikaipandisha, inazunguka juu kama vile ndege wanazunguka wakitafuta mahali pa kurudi, kila mzunguko juu kidogo. Rafiki yangu alirusha nyundo, na hakuidaka. Ilianguka kwa mguu wake na bado akasema, "Omera, ndugu yangu, hiyo peleka kwa bendi."

Nikapeleka. Bosi akaisikiza mazoezini, akatikisa kichwa, akasema ni tamu. Nikashuka mara tatu, nikaruka, nikaanza kuzunguka, nikazunguka, na nikifika pale juu kabisa akasimamisha bendi na mkono. "Sawa. Hapo wataingia. Turudi kwa kiitikio."

"Nani wataingia? Hapa ni mazoezi, tuko sisi watano."

"Watu wa maiki. Hapo lazima wataingia, kwa hivyo tufanye mazoezi ya kurudi."

Unaona hiyo dharau? Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kukatwa! Wiki baada ya wiki. Na Jumapili, kweli, nikifika pale juu mkono unapanda. Ama unapanda hata kabla.

Yote hiyo ningemeza. Lakini nilikuwa nataka mtu mmoja tu kwa hii dunia asikie hiyo kitu yote, na huyo ni mwenye hiyo sauti. Dani hajawahi kunisikia nikipiga. Kuja Kisumu hataki, anasema yeye haendi mahali watu wanakunywa wakiwa wamevaa nguo ya kanisa. Simu yake ni ile ndogo ya tochi. Siku moja nilimpigia, nikaweka simu juu ya pipa, nikampigia solo mpaka pale juu nimefunga macho. Nikachukua simu. "Dani, umesikia?"

"Mtandao mbaya," akasema. "Kuna kitu ilikuwa inalia huko kwako. Nani anachinja?"

Kwa hivyo bosi aliposema tumepata kazi Usenge, mimi sikulala. Ilikuwa rapar, yaani ukumbusho wa mzee mmoja alizikwa mwaka uliopita. Siku ya kuzika watu wanalia. Siku ya rapar wanakula, wanacheza, wanamkumbuka marehemu na vicheko. Na ile boma inapakana na shamba ya dani wangu. Hata hahitaji nauli. Ni kuruka ua.

Nikamwendea bosi kabla tuondoke, akiwa anafunga spika juu ya gari. "Bosi, naomba kitu moja. Wimbo wa pili, solo yangu. Leo usipee mtu maiki. Nyanya yangu atakuwa hapo."

"Kijana. Hao watu wa maiki ndio chakula yako."

"Leo nitakaa njaa."

Akakaza kamba ya spika. Yeye ni mtu mzuri, hiyo nakubali hata nikiwa na hasira. "Sawa," akasema. "Wimbo wa pili nitafunga macho. Nikifunga macho sioni mkono ya mtu."

Tulifika boma kukiwa kumejaa. Mahema matatu, sufuria zinatoa moshi, wazee wamekaa mbele na kofia, kwaya ya kanisa imeshaimba na imechoka. Dani wangu alikuwa amekaa safu ya pili. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kanisa, vile vinamfinya, havai hata Krismasi. Nikajua amekuja kwa ajili yangu. Nikampungia mkono. Akanipungia na kidole kimoja, kama mtu anaitwa rejista.

Wimbo wa kwanza ulipita vizuri, watu wakainuka. Wimbo wa pili ukaanza. Bosi akaimba, gitaa ikachukua nafasi yake, ikaniachia. Bosi akafunga macho kama alivyoahidi. Nikasogea mbele, nikavuta pumzi mpaka kwa magoti. Nikashuka mara ya kwanza. Nikashuka mara ya pili. Nikaona dani ameinua kichwa.

Halafu nikasikia kwa spika, "Haloo! Haloo! Moja mbili!"

Kulikuwa na tajiri mmoja wa samaki hapo. Ni yule mtu ananunua ufuoni akiwa na lori ya barafu, na amezoea kuchukua kitu bila kuuliza bei. Huyo hahitaji kuinua mkono. Alikuwa amekuja tu mpaka mbele, akang'oa maiki kwa stendi, akatupa kitu kwa beseni kama mtu anarushia mbwa. Bendi ikashusha sauti. Si wamezoea? Mikono yao ilishuka yenyewe.

"Mimi ndiye barafu! Bila mimi ziwa yote inanuka!"

"Eeeh!"

"Mimi ndiye lori ya mbele, nyinyi wote ni vumbi!"

"Eeeh!"

"Mimi ndiye nilinunua hii hema, nikanunua huyu ng'ombe mnangoja, nikanunua hata hii jua!"

Akasifu lori. Akasifu dereva wa lori. Akasifu shule ya watoto wake na basi ya hiyo shule. Mimi nimesimama hapo na bomba mdomoni, mate inashuka kwa kidevu, macho ya watu yananipita kama mimi ni nguzo ya hema. Alipomaliza, bosi akafungua macho, akaona ni nini imefanyika, na akafanya vile tumefanyia mazoezi. Akarudi kwa kiitikio.

Wimbo ukaisha. Nikatoa kamba ya saksafoni kwa shingo.

"Unafanya nini?" bosi akaniuliza.

"Nimeacha kazi."

"Hapa? Gari ni yangu. Utarudi Kisumu na nini?"

"Na hasira."

Nikashuka nyuma ya spika. Na hapo, nani nakutana naye? Dani amezunguka hema, amebeba viatu kwa mkono sababu vimemshinda.

"Nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu, na alikuwa amekasirika kuliko mimi. "Mimi nimefungia kuku, nimevaa hizi viatu, nimekuja kuona wewe unashika hiyo kitu tu? Kwani hupigi?"

"Nilikuwa napiga, dani. Nilikatwa."

"Kukatwa ni nini?"

"Yule wa barafu. Mtu akishika maiki, sisi tunanyamaza mpaka amalize."

"Hata akisema upuzi?"

"Hasa akisema upuzi."

"Na akiwa nayo, mtu mwingine hawezi kumkata?"

"Hawezi. Maiki ni yake mpaka akae chini."

Akafikiria kidogo. Akavaa viatu tena, moja, halafu ingine, akinishika bega. "Rudi huko juu," akasema. "Acha kununa mbele ya wageni."

Nikarudi. Bosi alikuwa ameanza wimbo wa tatu. Na kabla hata kiitikio kifike, nikaona dani anapita katikati ya wachezaji na fimbo yake, mgongo umesimama. Akafungua fundo ya leso, akaweka kitu kwa beseni taratibu, akanyoosha mkono. Bosi akampa maiki na mikono miwili.

"Mimi," dani akasema, na spika ikapiga kelele, akaiangalia kwa ukali mpaka ikanyamaza. "Mimi ndiye mama omena yake ilisemwa imeoza ndio bei ishuke, halafu ikanunuliwa yote!"

Wamama wa ufuoni walipasuka. Tajiri wa barafu akacheka pia, lakini na meno ya mbele tu.

"Mimi ndiye kiti ya miguu tatu, na bado sijaanguka!"

"Eeeh!"

"Mimi ndiye nililea huyu mwenye bomba. Nikampeleka shule, akarudi na bomba. Sijamaliza kujisifu. Nimechoka mdomo, kwa hivyo yeye ndiye mdomo yangu. Atapiga mpaka amalize, ndio mimi nikae chini. Haya. Piga."

Boma yote ikaniangalia. Tajiri akainuka nusu. "Mama, kidogo tu, nilisahau kutaja..."

"Wewe ulipoongea nani alikukata?"

Akakaa. Nakuambia, nimeona askari wakishindwa kukalisha watu hivyo.

Bosi akashusha gitaa chini chini, akafunga macho tena. Nikaanza. Nikashuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaruka juu, na pale nyuma wamama wa omena wakacheka kwa sauti moja, sababu wao walijua hiyo ni nini. Mmoja akapunga leso kwa hewa kama ndege wako. Dani hakucheka. Alikuwa amesimama na maiki kwa kifua, ananisikiza kama mtu anapima uzito. Nikaanza kuzunguka. Juu, juu kidogo, juu zaidi. Rafiki yangu kwa ngoma alikuwa ananitazama mdomo wazi. Nikafika pale juu kabisa.

Na hapo ndio nikagundua kitu ambacho nikikumbuka mpaka leo natoka jasho. Hakukuwa na kitu mbele.

Sikuwa na mwisho! Solo yangu haikuwa na mwisho! Tangu niitengeneze sikuwahi kupita hapo, hata mara moja. Kwa hoteli nilikatwa, mazoezini tulirudi kwa kiitikio, karakana nyundo ilianguka kwa mguu tukaacha. Nilikuwa nimelalamika mwaka mzima ati nakatwa, na hakuna hata siku moja nimejiuliza, wakiniacha nitaenda wapi?

Nikazunguka tena. Nikazunguka mara ingine. Nikamwangalia bosi anisaidie. Macho yamefungwa! Mtu wa ahadi, sasa ndio ameamua kutimiza ahadi. Nikaangalia mikono ya watu. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtu ainue mkono. Hata yule wa kiatu moja. Hakuna aliyethubutu, dani alikuwa amesimama hapo na fimbo. Nikazunguka mpaka ndege wa kwa hiyo solo walikuwa wamechoka wenyewe, na pumzi ikaisha, na nikaacha tu, kama jenereta imemaliza petroli.

Mtu akakohoa.

Dani akainua maiki. "Imeisha?"

"Imeisha, dani."

"Hapana," akasema kwa spika, Usenge yote ikisikia. "Hiyo haijaisha."

Na tajiri wa barafu, kutoka kwa kiti yake, bila maiki, "Mama! Si unaona mimi nilikuwa namsaidia?"

Boma ilianguka. Wazee waliinamia fimbo zao. Bosi alifungua macho na hata yeye alikuwa anacheka, mwizi huyu, yeye ndiye alinifunza kurudi kwa kiitikio! Nikawaangalia wote. Nilitaka kuwaambia, nyinyi ndio mmekula huo mwisho. Mmeula na samaki, Jumapili baada ya Jumapili, mmeula na tairi na barafu na kiatu, sasa mnanicheka sababu sahani iko tupu?

Dani peke yake hakucheka. Wala hakukaa. "Nilisema nitakaa ikiisha," akasema. "Viatu vinanifinya. Tunangoja."

Nikarudisha bomba mdomoni. Sikufikiria kitu. Nilianza pale juu nilipoachia, na nikashuka, lakini si pole pole, nilishuka nikigonga kila ngazi kwa nguvu, kila sauti nikimwonyesha mtu. Hii ni ya tairi. Hii ni ya barafu. Hii ni ya choo. Rafiki yangu akanifuata na ngoma, pa, pa, pa, na watu wakaacha kucheka kidogo kidogo. Nikashuka mpaka sauti ya chini kabisa, ile inatetemesha meno, ile ngozi ya mkoba huwa haikubali kushika. Ilishika. Nikaikalia hapo. Nikaikalia mpaka nikaona nyota za mchana, halafu nikaikata mwenyewe. Mwenyewe!

Dani akarudisha maiki kwa stendi, akaangalia kama imesimama sawa, akaenda kukaa. Hapo ndipo makofi yalianza, lakini mimi sikuyasikiza vizuri, nilikuwa naangalia miguu yake. Alikuwa amevua viatu.

Baadaye tulikula pamoja nyuma ya hema, yeye kwa kiti, mimi chini. Tajiri alipita akanigonga mgongo, akasema, "Kijana, Jumapili nakuja Kisumu kukusikia," na nikajua maana yake ni atakuja na maiki akilini. Dani alinitenganishia nyama, akaniwekea ile laini.

"Umepiga vizuri," akasema.

"Asante, dani."

"Ya ndege ni vile vile. Lakini ile ya mwisho, ulikuwa umekasirika."

"Bado nimekasirika."

"Naona," akasema, akanisukumia ugali. "Kula basi."